Serikali Kufungwa na Kikomo cha Deni: Maswali Yenu Kuhusu Vuta Nikuvute ya Washington

Tangu serikali kuu ya Marekani ifungwe kwa siku 43 mwaka 2025, barua za kuuliza habari hiyo hazijakoma, na nyingi zinachanganya mambo mawili ambayo hayafanani. Tumechagua chache na kuzifupisha. Wanaoishi Marekani na kuguswa na jambo hili mfukoni tumewajibu kwa kirefu zaidi.

Swali: Serikali kufungwa na serikali kufikia kikomo cha deni, si jambo lile lile? Redioni wanayataja kwa pumzi moja.

Jibu: Ni mambo mawili, na hata sheria zake ni mbili. Katiba ya Marekani imelipa Bunge mamlaka juu ya kutumia na mamlaka juu ya kukopa, kila moja kivyake. Hakuna fedha inayotoka Hazina bila sheria ya Bunge kuidhinisha, na hakuna anayeruhusiwa kukopa kwa jina la nchi bila ruhusa ya Bunge hilo hilo.

Serikali inapofungwa, kilichokosekana ni idhini ya kutumia. Fedha huenda zimejaa, lakini wizara haina sheria inayoiruhusu kuzigusa. Kikomo cha deni, yaani kiwango cha juu cha deni ambacho Bunge limeruhusu, kinapofikiwa, hali ni kinyume: mishahara imeidhinishwa, mafao yamewekwa kisheria, riba za hatifungani zina tarehe zake, ila Wizara ya Fedha haina ruhusa ya kukopa ili kuziba pengo kati ya kodi inayoingia na malipo yanayotoka.

Madhara nayo yanatofautiana. Serikali ikifungwa, wastaafu wanaendelea kupata mafao ya Social Security, na wenye hatifungani wanalipwa kama kawaida, kwa sababu malipo hayo hayasubiri sheria ya kila mwaka. Kikomo cha deni kikibana mpaka fedha ziishe, hakuna malipo hata moja yaliyo salama. Ndiyo maana la kwanza limetokea mara nyingi na nchi ikaendelea kwenda, ila la pili wote wanaliogopa na halijawahi kufika mwisho wake.

Mkanganyiko unatokana zaidi na Oktoba 2013. Mwaka huo serikali ilifungwa kuanzia tarehe 1, na Wizara ya Fedha ikatangaza kwamba hatua zake za kukwepa kikomo cha deni zingeisha tarehe 17. Sheria moja ikamaliza yote mawili usiku wa kuamkia siku hiyo, na tangu hapo wengi wanadhani ni ugomvi mmoja.

Swali: Mwaka 2025 Warepublican walikuwa na Rais, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Ilikuwaje washindwe kupitisha bajeti yao wenyewe?

Jibu: Jibu fupi ni namba 60. Ili kujua inatoka wapi, fuata njia ya bajeti tangu mwanzo.

Mwaka wa fedha wa serikali kuu unaanza Oktoba 1 na kuisha Septemba 30. Rais anatakiwa kupeleka mapendekezo yake Jumatatu ya kwanza ya Februari, na mara nyingi huchelewa. Bunge halipigi kura kwenye bajeti moja kubwa. Linapaswa kupitisha miswada 12 ya matumizi, kila mmoja na eneo lake: ulinzi, kilimo, uchukuzi, mambo ya nje na kadhalika. Kila muswada upite mabaraza yote mawili kwa maneno yale yale, kisha Rais asaini. Tangu utaratibu huu uanze kutumika katikati ya miaka ya 1970, Bunge limemaliza miswada yote kwa wakati mara nne tu, na mara ya mwisho ilikuwa bajeti ya mwaka wa fedha 1997.

Likishindwa, hupitisha muswada wa matumizi ya muda, ambao kimsingi unasema: endeleeni kutumia kwa kiwango cha mwaka uliopita hadi tarehe fulani. Huo nao usipopita, usiku wa manane serikali inafungwa. Na kama baadhi ya miswada 12 imeshapita, zinafungwa ofisi zile tu ambazo muswada wao umekwama. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2018, ambapo Wizara ya Ulinzi na ile ya Maveterani ziliendelea kama kawaida huku nyingine zikifunga milango.

Sasa hiyo 60. Katika Baraza la Wawakilishi wingi wa kawaida unatosha. Katika Seneti yenye viti 100, muswada wa matumizi unaweza kupita kwa wingi wa kawaida pia, lakini kabla ya kura hiyo ni lazima mjadala ufungwe, na kuufunga kunahitaji kura 60. Warepublican walikuwa na viti 53. Muswada wao wa muda ulipita Baraza la Wawakilishi Septemba 19, halafu ukagonga mwamba Seneti zaidi ya mara kumi. Wademokrat walitaka kwanza ruzuku za bima ya afya zilizokuwa zinaisha mwishoni mwa 2025 ziongezewe muda. Warepublican wakasema fungueni serikali kwanza, hayo tutayazungumza baadaye. Mwishowe maseneta wanane wa upande wa Wademokrat walivuka, ikapatikana 60 kwa 40. Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa 222 dhidi ya 209 Novemba 12, na Rais Trump akasaini usiku huo huo. Ruzuku zenyewe hazikuwemo. Kilichopatikana ni ahadi ya kuzipigia kura.

Kwa hiyo ukisikia "chama tawala kina wingi kila mahali", uliza kwanza kina maseneta wangapi. Kisipofika 60, lazima kiombe kura upande wa pili, na hapo bei inatajwa.

Swali: Ni Katiba inayosema serikali ifungwe? Mbona nchi nyingine bajeti ikikwama ofisi hazifungwi?

Jibu: Katiba haisemi hivyo. Kinachofunga ofisi ni sheria ya kale, yenye mizizi ya 1870 na 1884, inayokataza ofisi ya serikali kutumia au kuahidi fedha ambazo Bunge halijatoa. Kwa karibu miaka 100 sheria hiyo haikufunga ofisi yoyote. Bajeti ikichelewa, wakuu wa idara walipunguza safari na manunuzi, wakaendelea na kazi huku wakiamini Bunge litarekebisha.

Mambo yalibadilika Aprili 1980. Mwanasheria Mkuu wa Rais Carter, Benjamin Civiletti, alitoa maoni kwamba sheria inasema inachosema: bila fedha, ofisi ifunge. Januari 1981 akaongeza kwamba kazi za kulinda uhai na mali zinaruhusiwa kuendelea. Maoni hayo mawili ndiyo yanayoendesha kila kufungwa kwa serikali mpaka leo. Waongoza ndege, walinda mipaka, askari na walinzi wa magereza wanabaki kazini bila mshahara. Posta haiguswi kwa sababu inajiendesha kwa mapato yake.

Katikati hapo kuna kichaka kikubwa cha hiari, na sisi tunaona siasa nyingi hujificha humo. Mwaka 2013 hifadhi za taifa zilifungwa kwa vizuizi, mpaka wazee wa Vita vya Pili vya Dunia wakazuiwa kwenye mnara wao wenyewe jijini Washington. Mwaka 2018 na 2019, chini ya sheria hiyo hiyo, hifadhi nyingi ziliachwa wazi karibu bila wafanyakazi. Takataka zikarundikana, vyoo vikafurika. Ikulu ya siku hiyo ndiyo huamua maumivu yaonekane wapi na yafichwe wapi.

Swali: Mke wangu ni mtumishi wa serikali kuu hapa Minneapolis. Serikali ilipofungwa aliambiwa aende ofisini saa chache kisha arudi nyumbani, na asiguse hata barua pepe za kazi. Kwa nini wasimwache ajitolee? Na likitokea tena, tufanye nini?

Jibu: Kujitolea ndiko hasa sheria inakokataza. Kupokea kazi ya bure kunahesabika kuwa ofisi inajitwisha deni ambalo Bunge halijaliruhusu. Afisa anayevunja sheria hiyo kwa makusudi anaweza kutozwa faini hadi dola 5,000, kufungwa hadi miaka miwili, au vyote. Kwa hiyo bosi anayemwambia "asiguse simu ya kazi" anajilinda yeye na anamlinda mkeo.

Zile saa chache za asubuhi ya kwanza, kwa kawaida zisizozidi nne, ni za kufunga ofisi kwa utaratibu: kupokea barua rasmi ya likizo ya lazima, kuweka ujumbe wa kutokuwepo kwenye barua pepe na simu, kujaza mahudhurio mpaka saa ile, kukabidhi kilicho haraka kwa wanaobaki, na kufungia nyaraka. Asitoke bila barua ile. Ndiyo atakayoionyesha benki, kwa mwenye nyumba na kwa ofisi ya ajira.

Kuhusu mshahara: sheria ya 2019 inasema watumishi wote, waliobaki kazini na waliopelekwa nyumbani, walipwe malimbikizo mapema iwezekanavyo baada ya serikali kufunguliwa, bila kungoja siku ya kawaida ya mshahara. Oktoba 2025 ulizuka ubishi kama sheria hiyo inajitosheleza, lakini sheria iliyofungua serikali iliyataja malipo hayo waziwazi. Shida ni muda. Mishahara hutoka kila wiki mbili, hivyo siku 43 zilimaanisha hundi ya kwanza pungufu na zilizofuata tupu.

Bima yake ya afya haikatwi. Michango inajilimbikiza na kukatwa mshahara ukirudi. Michango ya akiba ya uzeeni ndiyo inayosimama, kwa kuwa hakuna mshahara wa kuikata.

Aliyepelekwa nyumbani anaweza kuomba fidia ya ukosefu wa ajira katika jimbo ambako kituo chake cha kazi kipo, si lazima jimbo mnaloishi. Awe na fomu SF-8 inayotolewa na mwajiri, stakabadhi za mishahara ya karibuni, na nakala ya SF-50, hati rasmi ya ajira yake, kama anayo. Aombe wiki ile ile ya kwanza, maana majimbo mengi hayahesabu wiki zilizopita kabla ya ombi. Wengi hukosea hapa: malimbikizo yakilipwa, fidia ile inadaiwa irudishwe, na kuinyamazia ni kujitafutia deni na jimbo. Aliyebaki kazini saa zote kwa kawaida hana haki ya fidia hiyo, ingawa naye hana mshahara. Watu hulalamika kwamba si haki, na hatuwezi kuwapinga.

Kazi ya pembeni inaruhusiwa, lakini kanuni za maadili za ofisi yake bado zinamhusu hata akiwa nyumbani. Awaandikie watu wa maadili kabla serikali haijafungwa, kwa sababu baada ya hapo huenda hakuna wa kujibu.

Swali: Mimi nafanya usafi katika jengo la serikali kupitia kampuni yenye kandarasi. Je, nami nitalipwa siku zilizopotea? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Jibu: Sheria ya 2019 haikuhusu, dada yetu. Inawalinda walioajiriwa na serikali moja kwa moja. Wafanyakazi wa makandarasi wameachwa nje, na majaribio ya wabunge kuwaingiza hayajafua dafu. Muulize msimamizi wako jambo moja: je, kandarasi yenu imeshawekewa fedha za mwaka mzima, au inalipiwa kipande kwa kipande? Kama fedha zimeshatengwa na jengo liko wazi, kazi inaweza kuendelea. Kama jengo limefungwa, kampuni inaweza kukupeleka sehemu nyingine, kukuruhusu utumie likizo yako, au kukusimamisha bila malipo. Ukisimamishwa, omba fidia ya ukosefu wa ajira kwa njia ya kawaida ya jimbo. Na kwa kuwa hutalipwa malimbikizo, hakuna cha kurudisha baadaye.

Swali: Wabunge wanaosababisha yote haya, nao wanakatwa mshahara?

Jibu: Hawakatwi. Mshahara wao, dola 174,000 kwa mwaka kwa mbunge wa kawaida, hautegemei miswada ile 12, na Katiba kupitia Rekebisho la 27 inakataza kuubadilisha kabla ya uchaguzi kupita. Baadhi huomba mshahara wao uzuiwe au huutoa sadaka, hasa kamera zikiwa karibu.

Swali: Lakini ofisi zikifungwa si serikali inaokoa fedha?

Jibu: Haiokoi. Mishahara italipwa yote, tofauti ni kwamba inalipwa kwa kazi ambayo haikufanyika. Viingilio vya hifadhi na ada nyingine hazikusanywi. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilipiga hesabu ya zile siku 35 za 2018 na 2019: uchumi ulipunguziwa takriban dola bilioni 11, na kati ya hizo bilioni 3 hazikutarajiwa kurudi kamwe. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani, na baada ya patashika yote hiyo Bunge likatoa bilioni 1.375.

Swali: Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Marekani inakopa ili ilipe deni. Huyo atapona lini? Na anadaiwa na nani?

Jibu: Tazama hesabu ya mwaka wa fedha 2024. Serikali ilikusanya takriban dola trilioni 4.9 na kutumia trilioni 6.75, ikabaki na nakisi ya karibu trilioni 1.8. Ndani ya matumizi hayo, zaidi ya trilioni 4 ni mafao na bima zinazolipwa kwa sheria za kudumu, na karibu bilioni 900 ni riba. Ile sehemu wanayoigombania kila Septemba, ya miswada 12, ni trilioni 1.8 hivi, na karibu nusu yake ni ulinzi. Yaani hata ukifuta kila ofisi inayofungwa serikali ikifungwa, nakisi ndiyo kwanza inakaribia sifuri. Anayewaambia kwamba deni litakwisha kwa kubana matumizi ya ofisi hajaitazama hesabu hii.

Wadai ni wa aina mbili. Karibu dola trilioni 7 serikali inadaiwa na mifuko yake yenyewe, mkubwa ukiwa ule wa Social Security uliowekeza ziada yake kwenye dhamana za serikali. Zilizobaki zinashikiliwa na umma: benki, mifuko ya pensheni, Benki Kuu ya Marekani, watu binafsi na wageni. Kati ya nchi za nje Japani ndiyo ya kwanza, ikiwa na zaidi ya trilioni 1. China, ambayo wengi huitaja, imeshuka chini ya trilioni 1 tangu 2022.

Kikomo cha deni kinahesabu aina zote mbili. Ndiyo maana hata mwaka ambao bajeti ina ziada, deni linalohesabiwa linaweza kupanda, kwa sababu tu mifuko ya serikali imewekeza zaidi.

Swali: Kikomo cha deni kilirudi Januari 2025, lakini hakuna aliyekosa malipo mpaka Julai. Wizara ya Fedha ilikuwa inakula wapi?

Jibu: Hili ndilo swali tulilolifurahia zaidi, maana humu ndimo fundi anapofanyia kazi.

Januari 2, 2025 kikomo, kilichokuwa kimesimamishwa tangu 2023, kilirejea kikiwa dola trilioni 36.1, na deni likakigusa kabla mwezi huo haujaisha. Kuanzia hapo Wizara haikuweza kuongeza deni kwa jumla, lakini iliweza kupunguza deni upande mmoja ili ipate nafasi ya kukopa upande mwingine. Sheria inaruhusu hatua kadhaa za dharura.

Ya kwanza ni mfuko wa G, sehemu ya akiba za uzeeni za watumishi wa serikali kuu, wenye takriban dola bilioni 300. Fedha zake zimo kwenye hati maalumu za serikali zinazoiva kila siku na kuwekezwa upya kila siku. Wakati wa dharura, hati zikiiva Wizara haiwekezi upya. Papo hapo deni linashuka kwa kiasi hicho, na Wizara inauza hati mpya kwa umma na kupata fedha taslimu. Mwenye akiba haoni tofauti, kwa kuwa sheria inataka mfuko urudishiwe kila senti pamoja na riba, mkwamo ukiisha.

Ya pili ni mfuko wa pensheni za watumishi wa umma. Wizara husitisha uwekezaji mpya, na inaweza kukomboa mapema hati zenye thamani sawa na mafao ya miezi ile. Mfuko huu hutoa nafasi kubwa tarehe mbili: Juni 30 na Desemba 31, riba inapoingia na hati nyingi kuiva. Ya tatu ni mfuko wa kutuliza thamani ya sarafu, ambao sehemu yake ya dola ni ndogo ukilinganisha na mingine.

Hatua hizo zikiisha, kinachobaki ni fedha taslimu na kodi ya siku ile. Siku ambayo haviwezi kutosha malipo yote ndiyo siku ya ukomo, na kuikadiria ni kazi ngumu kwa sababu fedha haziingii na kutoka sawasawa. Kodi nyingi huingia karibu na Aprili 15, kisha mafungu ya Juni 15 na Septemba 15. Malipo nayo yana tarehe zake: siku ya kwanza ya mwezi hutoka fedha za maveterani, wanajeshi na Medicare, bima ya afya ya wazee, tarehe 3 hutoka kundi moja la Social Security, na makundi mengine Jumatano ya pili, ya tatu na ya nne kufuatana na tarehe ya kuzaliwa. Katikati ya Februari, Mei, Agosti na Novemba kuna riba kubwa ya hatifungani.

Weka tarehe hizo kwenye kalenda na utaelewa kwa nini mapambano hupamba moto mwanzoni mwa Juni. Wizara ikifika Juni 15 inapumua, na ikifika Juni 30 inapata nafasi mpya inayoweza kuipeleka wiki kadhaa mbele. Mwaka 2023 ilikuwa karibu ishindwe kufika. Mafuriko na dhoruba za California ziliifanya mamlaka ya kodi isogeze tarehe ya kulipa kwa sehemu kubwa ya jimbo hilo mpaka Oktoba, hivyo mapato ya Aprili yakaja pungufu. Waziri Janet Yellen alitaja kwanza Juni 1 kuwa siku ya hatari, akaja kusema Juni 5. Rais Biden alisaini sheria ya kusimamisha kikomo Juni 3.

Soko halisubiri siku yenyewe. Mei 2023, hati za muda mfupi zilizokuwa ziive mwanzoni mwa Juni zilikimbiwa, na riba yake ikapanda kupita asilimia 6, wakati hati za kabla ya hapo zilikuwa na riba ya chini zaidi. Anayeweka akiba kwenye hati za serikali aangalie tarehe ya kuiva kabla ya kiwango cha riba.

Swali: Fedha zikiisha, kwa nini wasiwalipe wenye hatifungani kwanza, wengine wasubiri? Na ile sarafu ya platinamu ni utani?

Jibu: Malipo ya hatifungani hupita mfumo tofauti na malipo mengine, kwa hiyo kiufundi kuyatanguliza kunawezekana. Shida inaanza baada ya hapo. Mifumo ya malipo mengine imejengwa kulipa kila ankara inapofika tarehe yake, haikujengwa kuchagua mstaafu huyu alipwe na hospitali ile ingoje. Na hakuna sheria inayompa Waziri wa Fedha mamlaka ya wazi ya kuchagua. Atakayemwacha nje atakwenda mahakamani, na sioni mwanasiasa atakayesimama hadharani kueleza kwa nini mwekezaji wa Tokyo amelipwa kabla ya mjane wa Ohio.

Mfano mdogo upo. Majira ya kuchipua ya 1979, baada ya Bunge kupiga danadana na kikomo mpaka dakika ya mwisho, hati za muda mfupi za takriban dola milioni 120 zilichelewa kulipwa, mashine za uchapaji zikiwa zimeharibika katika msongamano ule. Walilipwa baadaye, lakini kumbukumbu haikufutika.

Sarafu si utani kisheria. Sheria ya 1996 inamruhusu Waziri kutengeneza sarafu za platinamu za thamani yoyote. Ilikusudiwa wakusanyaji wa sarafu, ila imeandikwa kwa mdomo mpana. Mwaka 2013 Wizara ya Fedha na Benki Kuu zilisema haitatumika. Wengine hutaja Rekebisho la 14, linalosema uhalali wa deni la umma usitiliwe shaka. Marais wamelitazama hilo na kuliacha, kwa sababu hatifungani zitakazouzwa kesi ikiendelea hakuna atakayezinunua kwa bei nzuri.

Swali: Nani mwenye haki katika mabishano haya? Naona kila chama kina kauli mbili.

Jibu: Umeona vizuri. Mwaka 2006 Seneta Barack Obama alipiga kura ya kukataa kupandisha kikomo chini ya Rais Bush. Akiwa Rais alisema alikosea. Chini ya muhula wa kwanza wa Trump kikomo kilisimamishwa mara tatu, 2017, 2018 na 2019, bila vitisho vya 2011 wala vya 2023. Na Julai 2025 Warepublican, wanaosifika kwa kukataa, walikipandisha kwa dola trilioni 5 hadi 41.1 ndani ya sheria kubwa ya kodi, kwa njia maalumu ya bajeti inayokwepa ile kura ya 60.

Wanaotetea kikomo wana hoja. Wanasema ni mahali pekee ambapo Bunge linalazimika kuitazama jumla, na kwamba mivutano yake imezaa vikomo vya matumizi mwaka 2011 na 2023. Ni kweli vilizaliwa. Lakini Bunge linapopunguza kodi au kuongeza mafao, deni linakuwa limeshaamuliwa siku hiyo, na kugoma kukopa miezi kadhaa baadaye hakufuti uamuzi. Kunaweka tu rehani jina la nchi. Na rehani hiyo ina gharama: Agosti 2011, siku tatu baada ya mwafaka, kampuni ya Standard & Poor's inayopima uaminifu wa wakopaji iliishusha Marekani daraja kwa mara ya kwanza, na wakaguzi wa Bunge wakakadiria kwamba mvutano ule uliongeza gharama za kukopa kwa dola bilioni 1.3 mwaka huo pekee. Fitch ilifuata 2023, Moody's Mei 2025.

Kuhusu kufunga serikali, sisi tunaona hoja ya upande unaozuia ina uzito zaidi, kwa kuwa bajeti ndipo mahali halali pa kugombania matumizi. Ila historia haiwapi moyo: 1995 hadi 1996, 2013, 2018 hadi 2019, na 2025, aliyefunga kwa kudai jambo fulani hakutoka nalo.

Swali: Nimeitwa kwenye usaili wa kadi ya kijani. Serikali ikifungwa siku hiyo?

Jibu: Nenda. Idara ya uraia na uhamiaji inajiendesha kwa ada za waombaji, hivyo usaili na viapo vya uraia kwa kawaida huendelea, na balozi hutoa viza mradi ada zipo. Kinachoweza kusimama ni E-Verify, mfumo wa kuhakiki waajiriwa. Ukisimama, mwajiri bado anapaswa kujaza fomu I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, ndani ya siku tatu za kazi tangu uanze, na haruhusiwi kukufukuza kwa sababu tu hajaweza kukuhakiki. Maombi yanayoanzia Wizara ya Kazi yalisimama 2013 na tena 2025, kwa hiyo kama mwajiri anakudhamini, mhimize apeleke karatasi kabla ya Septemba 30.